Pete ya Kuchezea

Jumatatu, 7 Julai
Baridi ya kukata masikio. Nimeoga hata hivyo, tena kwa maji ya moto ambayo dada Bertila alikuwa ameyatenga ya ugali. Shati jeupe. Mafuta kichwani. Katoni begani hadi ofisi ya forodha. Imefungwa! Mzee Alfonsi, mlinzi, aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza: Wilibrodi, kwenu Mpui sikukuu ya Sabasaba bado haijafika? Nikamjibu kwamba nimekuja kuhakikisha wamefunga vizuri.

Niseme ukweli, maana daftari halina umbea. Nampenda Bi Minza wa dirisha la forodha. Nauza zawadi za watoto zinazotoka ng'ambo, na kila mzigo lazima aupitie yeye, aseme kila kitu kinaingia fungu gani la ushuru. Anakishika, anakigeuza, anauliza kwa ile sauti yake ya Kisukuma: hiki ni cha kuchezea au cha kutumia? Basi tangu Pasaka naagiza vitu visivyojulikana tu. Begi lenye miguu ya dubu. Kalamu yenye filimbi. Kwa ile kalamu tulibishana hadi chai yake ya saa nne ikapoa. Siku tamu kuliko zote tangu nizaliwe! Kalamu zenyewe hazinunuliwi. Walimu wanazinyang'anya.

Jumanne, 8 Julai
Nimempelekea bata wa plastiki mwenye taa tumboni na redio mgongoni. Nilitegemea bata huyu anipe asubuhi nzima. Bi Minza kamtazama mara moja: redio. Kwa nini, jamani? Kwa sababu, anasema, ukimtoa redio hakuna atakayemnunua, na kitu chenye mambo mengi huhesabiwa kwa lile linalokipa thamani yake. Nikabaki nimemkumbatia bata.

Kisha akasema, huku akigonga muhuri, kwamba amepata uhamisho. Kigoma. Anaondoka na basi la Jumamosi alfajiri.

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema hongera. Nyuma yangu alikuwa Romani, yule wa duka la pili kutoka langu, mtu asiye na akili hata ya kuazima. Kaweka mzigo wake mezani: mipira, ya kuchezea. Muhuri! Kwisha! Halafu akamuuliza Bi Minza kama ana mtu wa kumbebea godoro hadi stendi. Godoro! Mtu anaondoka na roho yangu, yeye anawaza godoro. Bi Minza akacheka. Bata akaanza kutangaza bei za mahindi.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata mpango. Mzuri mno, nimeshindwa kula.

Kuna seti ya zawadi ya binti mdogo: taji, kitana, kioo na pete ya plastiki. Nimeitoa ile pete, nikaweka ya fedha halisi kutoka kwa sonara. Baiskeli nimeiuza kuilipia. Kesho Bi Minza ataishika, ataigeuza, atauliza: hii ni ya kuchezea au ya kutumia? Nami nitajibu: Bi Minza, hii si ya kuchezea, na mimi si mtu wa kukuchezea. Nimejizoeza mbele ya kile kioo cha seti. Kinaonyesha mdomo tu, lakini mdomo ulipendeza.

Bertila amepita, akauliza kwa nini nisimwambie tu. Wanawake hawaelewi mapenzi.

Alhamisi, 10 Julai
Aliishika. Aliigeuza. Vidole vyake vilikuwa na wino. Akauliza: hii ni nini?

Nikarekebisha kola ya shati. Nikamwambia ni kama ilivyoandikwa. Akasoma karatasi niliyoijaza mwenyewe jana: pete ya kuchezea. Akasema mbona nzito. Nikasema Wachina siku hizi wameendelea.

Akachovya muhuri kwenye wino. Akaniuliza polepole kama nina jambo la kuongeza, maana akishagonga muhuri hakuna kubadilisha. Moyo ulisema lipo. Mdomo, ule ule wa kwenye kioo, ukasema hapana. Akagonga. Seti nzima, vichezeo. Akaongeza kwamba yeye humheshimu mtu anayesema wazi amebeba nini. Romani, kwenye foleni, akasema amina. Kimbelembele!

Nimerudi kwa miguu. Upepo usoni. Bado hajaondoka na tayari namkumbuka mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 11 Julai
Usiku nimeamua. Kesho alfajiri, stendi, nitampa pete mkononi na kusema. Nimeenda dukani kuichukua. Seti haipo! Bertila kaiuza. Kamuuzia baba mmoja wa Muze, kule bondeni, mwanawe anapokea Komunyo. Bertila anajisifu: kitu cha kwanza kuuzika tangu Pasaka.

Bila pete nitasema nini? Nimepanda bodaboda na bata wangu. Tumeteremka ule mlima wa Lyamba lya Mfipa nikiwa na sweta mbili, Muze nikafika nachuruzika jasho. Binti pete ameivaa dole gumba na hataki kuitoa. Nimebembeleza mpaka giza. Hatimaye kakubali tubadilishane na bata. Pikipiki imegoma kupanda. Nalala hapa, kwenye joto na mbu. Mungu wangu, lichelewe hilo basi!

Jumapili, 13 Julai
Halikuchelewa.

Jana nimefika stendi jua limeshatoka. Maganda ya machungwa tu, na Romani akijikung'uta vumbi la godoro. Kasema Bi Minza alisimama mlangoni mwa basi akiangalia njia mpaka kondakta akafoka. Alimuuliza Wilibrodi yuko wapi. Akaacha ujumbe: ile pete aliijua tangu alipoishika, na siku ile alisubiri neno moja tu, hata bila pete. Kigoma si mbali kwa mtu anayejua anachotaka. Romani akanipa namba ya simu ya Bi Minza. Akanishika bega, akasema nipige leo hii, niseme moja kwa moja.

Nimelia kidogo nyuma ya duka. Anasubiri! Minza wangu anasubiri!

Lakini kupiga simu tu? Mtu mzima, kama anaagiza soda? Romani hana ustaarabu. Nimeshampigia mtu wangu wa Kigoma anayeleta mizigo ya ng'ambo. Kuna samaki wa plastiki anayeimba, mwenye kitana mgongoni na saa kwenye mkia. Cha kuchezea? Cha kutumia? Hata Bi Minza atahitaji siku nzima, nami nitakuwa nimesimama dirishani kwake huko Kigoma namtazama. Pete nitaiweka tumboni mwa samaki.

Kwenye karatasi nitaandika, kwa tahadhari tu, pete ya kuchezea.