Mguu Wangu wa Jumamosi

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Siku ya pili ugenini. Tumefikia kwa dada wa mke wangu. Nyumba safi mpaka unaogopa kukohoa. Shemeji ni nesi, hana neno. Tatizo ni mumewe, mwanyumba wangu. Mtu ana saa ya kuoga, saa ya kufungua dirisha, saa ya kulifunga. Nimempa jina: Bwana Ratiba. Liko moyoni tu, maana kitanda ninacholalia ni chake.

Jumamosi tunakwenda bustani ya michezo, familia nzima. Kuna treni moja huko, inapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi, halafu inaporomoka na kugeuza watu vichwa chini. Binti yangu Kengele (sauti yake ndiyo iliyompa jina) tangu nyumbani haongei kingine. Nimemwahidi nitakaa naye kiti kimoja nimshike mkono. Kaniapisha mara mbili, ile ya kwanza hakuiamini. Mtoto ananijua.

Jioni Bwana Ratiba akasafisha koo, akasema atatulipia wote tiketi za njia ya haraka, kwa sababu foleni ya kawaida inakula nusu ya siku. Akasema mbele ya mke wangu! Nikamjibu asante sana ndugu yangu, mimi na familia yangu tuna utaratibu wetu. Chumbani mke wangu akaniuliza utaratibu gani. Nikamwambia alale.

Sina utaratibu wowote. Lakini nitakuwa nao.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimepata! Nimeangalia tangazo la ile bustani kwenye simu. Mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu, anapitishwa mlango wa pembeni, familia yake yote nyuma yake, meno nje. Hakuna foleni. Bure. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Baada ya chai nikadondoka bafuni. Nilidondoka vizuri: kwanza ndoo, halafu mimi, halafu kelele. Bwana Ratiba akaja mbio, uso umempauka. Akasema kosa ni lake, vigae vile vinateleza, na zulia la mpira alipanga kulinunua mwezi ujao. Nilitaka kumwonea huruma. Nikajizuia.

Nilichosahau ni kwamba shemeji ni nesi. Kaniwekea mto chini ya mguu, kapiga magoti, kaanza kubonyeza. Hapa? Nikasema aa! Hapa? Aa! Nikafumba macho kabisa ili maumivu yaonekane. Hapa je? Nikapiga ukelele mkubwa kuliko wote. Kufumbua macho, anabonyeza mto.

Akaleta bandeji, akanizungushia kuanzia vidole mpaka gotini. Mguu umevimba kama mkate. Akasema kwa upole wa wodini kwamba mgonjwa wa aina yangu anahitaji uangalizi wa karibu sana. Mke wangu alikuwa anatazama dari. Hawa dada wawili wakiwa wapole kwa pamoja, ujue kuna jambo.

Lakini bandeji ninayo. Tunasonga mbele.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, mchana, kwenye benchi

Asubuhi mambo yalinyooka. Getini wakanipa kiti cha magurudumu bila swali hata moja. Mlango wa pembeni ukafunguka. Watu wa foleni wakanitazama kwa huruma, nikawapungia mkono kama mheshimiwa. Kasoro moja: msukumaji ni Bwana Ratiba. Kakataa katakata kumwachia mtu mwingine, anasema ni fidia ya vigae vyake. Kila kona anatangaza. Tunakata kushoto, ndugu. Kuna kijiwe, ndugu, vumilia.

Tukafika kwenye treni. Mbele kabisa! Kengele anarukaruka. Dada wa langoni, kofia nyekundu, filimbi shingoni, akatukagua, akasema wote wapande isipokuwa mgonjwa. Nikamwambia mbona ni mguu mmoja tu. Akasema treni haibebi watu nusunusu. Nikamgeukia shemeji, nikitegemea msaada wa kitaalamu.

Shemeji akasema, "Mgonjwa wangu asipande hata ngazi."

Kengele akanitazama. Hakupiga kelele, na kelele ndiyo kazi yake. Akasema taratibu, "Baba, uliapa mara mbili."

Bwana Ratiba akainama, akamwomba kama anaweza kukaa naye, akamnyooshea mkono. Kengele akaushika. Nafasi yangu ile!

Wakaenda. Nikabaki na mikoba ya wanawake mapajani kama kabati. Walipotoka, picha yao ilikuwa kwenye kioo, ile inayopigwa treni ikiporomoka. Kengele kafumba macho. Mwanyumba kakaa wima kama yuko kwenye pasipoti.

Sasa wamekwenda kula. Nimewaambia sina njaa, nabaki kupumzisha mguu. Njaa ninayo, mguu ni mzima. Kengele atapanda na baba yake leo, hata kama ni kwa kutambaa. Naifungua bandeji.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Bandeji ya nesi haifunguki kirahisi. Nilizunguka nayo chooni mpaka kizunguzungu. Mzee mmoja aliyekuwa ananawa akanishikia ncha, hakuuliza lolote. Nikaitia mfukoni, kiti nikakirudisha getini, nikaenda kusimama mkiani mwa foleni ya kawaida. Mpango: nikikaribia mbele, nampigia mke wangu simu alete mtoto.

Sikufika mbali. Ile sauti ilisikika bustani nzima. "Baba anatembea!"

Watu wakageuka. Wengine ni wale wale niliowapungia asubuhi. Nikasema mguu umepata nafuu ya ghafla. Mke wangu akasema ni kweli, hata ule mto wa jana umepata nafuu. Aliyekuwa hajui ni Bwana Ratiba peke yake. Akanitazama mimi, akatazama viatu vyake, akauliza kwa hiyo vigae havina kosa? Nikasema havina. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, halafu akasema bado anaweza kutununulia tiketi za haraka. Mtu wa ajabu! Nikakataa. Mimi nina msimamo.

Kengele akapita chini ya kamba, akaja kusimama na mimi. Foleni haisogei. Tukaanza kuwapa watu kazi kwa kofia zao. Wa kofia ya majani, fundi saa. Wa kofia ya manyoya kwenye jua lile, daktari wa paka. Wa kofia mbili, moja juu ya nyingine, huyo Kengele alisema ni bosi na msaidizi wake. Tulicheka mpaka akakaa chini. Jua likashuka. Miguu ikaanza kuniuma, yote miwili, kweli kabisa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Langoni, dada wa kofia nyekundu akanikumbuka. Akauliza ule mguu nimeuacha wapi. Nikafungua mdomo, nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu mafuta ya kuchua. Kengele akaniwahi.

"Alidanganya ili tusipange foleni. Lakini tumepanga."

Dada akamtazama mtoto, akatazama foleni nyuma yetu, akaficha kicheko kwa kiganja. Akatufunga mikanda mwenyewe. Wangu akaukaza zaidi.

Treni ikapanda. Huko juu ndipo nikagundua kwamba mimi na urefu hatuelewani. Nikamwambia Kengele asiogope. Akasema haogopi. Nikamwambia tena.

Kwenye picha yetu Kengele kaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, anacheka. Mimi mdomo upo, macho hayapo. Nimewaeleza kwamba nilikuwa naimba. Bwana Ratiba kanunua ile kubwa, ataitundika sebuleni. Ile yake ya pasipoti hakuinunua.

Kengele kabla ya kulala kasema foleni ilikuwa tamu kuliko treni. Mtoto kachoka sana, hajui anachosema.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti, uwanja wa ndege

Tunarudi nyumbani. Foleni ya kaunta imejikunja kama utumbo. Kengele anashangilia, ameshaanza kugawa kazi kwa kofia. Maskini, nimemharibu mtoto.

Jana kutwa nilifikiria kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa lilikuwa mguu! Mguu na treni havipatani. Lakini shingo? Kwenye ndege mtu anakaa tu, shingo haina kazi yoyote. Bandeji ya shemeji bado ninayo. Nimeizungusha shingoni kule chooni, safari hii bila msaada.

Mke wangu amehamia foleni nyingine. Bwana Ratiba, aliyekuja kutusindikiza, ameniona akatikisa kichwa. Mimi siwezi kutikisa, nina bandeji.

Dada wa kaunta kaniita mbele ya watu wote. Imekubali! Kauliza kama nina barua ya daktari inayoniruhusu kusafiri. Nimemwambia hali yangu ni mbaya zaidi ya barua. Kanyanyua simu, anaongea huku ananitazama.

Bila shaka ananiitia kiti.