Nyumba ya Mzee Augustin na Kwaya ya Pasta Isidore

Jumatatu, 3 Juni 1991
Papa amerudi kutoka banki akicheka peke yake. Watamkopesha anunue nyumba mbovu ya mzee Augustin, nyuma yetu. Nusu ya paa hakuna. Madirisha hakuna. Tutaitengeneza, tutaipangisha, kodi italipa mkopo. Nyumba yenyewe ndiyo rehani: tukishindwa kulipa, banki inaitwaa. Alhamisi bwana Barnabé wa banki anakuja kuitazama. Akikataa, nitapelekwa kuishi kwa shangazi, kule Buluo, maana kiwanda hakimlipi Papa vizuri. Shule yangu ya lycée kwaheri!

Jirani yetu Mama Adrienne amepita mbele ya nyumba ile mara mbili na ndoo tupu. Anaitaka. Namjua.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata wazo katikati ya somo la jiografia. Nyumba tupu inatia shaka. Nyumba yenye watu ni mali! Nimemwendea Pasta Isidore, ambaye kwaya yake inaimbia nje kwenye baridi. Nimemwambia kwa heshima waazime nyumba ile hadi Alhamisi. Akapiga makofi: "Weye mutoto, Mungu njo alikutuma!" Papa sijamwambia. Nataka ashangae.

Mama Adrienne aliniuliza natoka wapi. Nikasema sokoni. Akasema ajabu, sina hata nyanya moja. Mpelelezi!

Jumatano, 5 Juni
Wanakwaya wameleta mabati! Wameziba paa, wamepaka chokaa, bila kuombwa. Ukarabati wa bure! Nina kipaji cha biashara.

Jioni Mama Adrienne alibisha mlango. "Bibiane, enda uone bale bantu! Banaingiza mpaka mabenchi!" Nilimjibu kwa adabu kwamba wivu ni dhambi. Nikafunga mlango polepole, kama tulivyofundishwa na masista.

Alhamisi, 6 Juni
Maafa! Papa na bwana Barnabé walikuta nyumba imejaa watu waliopiga magoti. Mbele, mimbari ya matofali. Pasta akatangaza kwamba amepewa ufunuo: nyumba hii imechaguliwa, hawatoki tena. Kisha akamwekea bwana Barnabé mkono kichwani na kumwombea.

Bwana Barnabé alisubiri mpaka sala ikaisha kwa Amina. Nje alimwambia Papa kwamba paa ni zuri kuliko la banki. Lakini rehani ni kitu kinachoweza kutwaliwa. "Monsieur, nani atafukuza bantu ba Mungu? Miye? Bibi yangu mwenyewe, mama ya batoto bangu, anasali na huyu Pasta!"

Amekataa. Papa akauliza nani aliwaingiza. Pasta akaninyooshea kidole, akanibariki mbele ya wote.

Ijumaa, 7 Juni
Mama anakunja nguo zangu. Safari ya Buluo ni Jumapili. Mama Adrienne ameniletea maandazi na kunipa pole. Pole! Ni wazi sasa: yeye ndiye aliyemnong'oneza Pasta ufunuo ule. Maandazi nimeyala kwa tahadhari.

Jumamosi, 8 Juni
Matumaini! Mzee Augustin ana nyumba ya pili, upande wa Kamatanda, mbovu zaidi. Bwana Barnabé hajakataa kuitazama, kwa kuwa hajaulizwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua watu wa sala. Safari hii nataka watu wenye nidhamu, ambao wakiamriwa kutoka wanatoka.

Nimetoka kambini sasa hivi. Askari wamefurahi sana. Wanahamia leo jioni, na bunduki zao.