Kamusi Yako Imemchukua Mke Wangu

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kompyuta,

Natumai hujambo, na meza yako haijambo. Mimi ni fundi cherehani, na kamusi yako imenivunjia nyumba.

Vipimo vya wateja nimeviweka kwenye kompyuta ya dukani. Juzi muuza mikate alikuja kutafuta kiuno chake, akakutana na kiuno cha mama mkwe wangu. Kufikia mchana soko zima lilikuwa nacho. Mama mkwe akaja mbio, akamchukua mke wangu. Kikao cha familia kikaitwa, na fundi kompyuta akawasomea wazee kamusi yako: “Matini wazi: data isiyolindwa, inayosomeka na yeyote anayeifikia.” Nikaonekana mkosaji palepale. Fasili hiyo isipobadilika kabla ya kikao cha pili, Ijumaa, mke harudi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. “Isiyolindwa” ni uzushi mtupu. Kila jioni naivisha kompyuta kava la kitambaa kizito na kulipiga bandi pande zote. Asubuhi nafumua. Uzi ni mweusi, tena naukunja mara mbili.

2. “Yeyote” umetia chumvi. Kinyozi, jirani yangu, hajakiona kiuno hicho. Ni kweli alikuwa safarini, lakini hajakiona.

3. Baada ya kikao, fundi kompyuta alinishauri nivisimbe vipimo, yaani niviandike kwa siri. Nikatii. Kila kipimo nikakiongezea inchi kumi bila kumwambia mtu, kisha nikasahau mwenyewe. Mwalimu mkuu sasa anavaa suruali moja na mdogo wake.

4. Kwa maana hiyo yako, hata uso wangu ni matini wazi! Mama mkwe aliusoma siku ya posa, na hakupendezwa.

Kwa heshima zote, andika hivi: “Matini wazi: data njema iliyosomwa na mtu asiye na adabu.” Lawama zimwendee muuza mikate. Nampenda mke wangu, Mhariri. Nyumba bila yeye inanipwaya, na hakuna mkasi wa kuipunguza.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na anayewachemshia chai.

Wako katika upweke,
Fundi Cherehani

N.B. Mhariri, mimi ndiye huyo mama mkwe. Nimefuata nguo za binti yangu hapa dukani, nikaikuta barua hii kwenye kompyuta. Bandi nimeifumua kwa kibanio cha nywele. Nimempigia binti yangu simu na kumsomea yote; amecheka mpaka akakaa chini, na anarudi leo. Ila fasili yako, mwanangu, usiiguse hata nukta. Kiuno changu nimeshakipunguza humu nilivyotaka, na hakuna kilichonizuia.