Kuponywa Baada ya Kuaga

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Ndugu Mganga Mkuu,

KUHUSU: KUPONYWA BILA KUTAHADHARISHWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko mtaa wa nyuma ya hospitali. Niliingia kwenu mgongoni mwa kaka yangu, kinyozi, nikipiga mayowe ambayo bila shaka yalikufikia ofisini. Nilitibiwa, nikapona. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

1. Daktari wenu wa upasuaji alipuuza maoni ya familia. Shemeji yangu ni makanika, mtu mwenye uzoefu na vitu vinavyoziba, na alikuwa ameshasema ni gesi. Mama mkwe alisema ni kidole tumbo. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri kwamba ni mwisho wangu. Mwanamama yule hakumsikiliza hata mmoja. Aliniminya tumbo, kisha akanigonga kwa ngumi mgongoni, chini ya mbavu. Nikaruka. "Ahaa, ndipo hapo," akasema, kama mtu aliyeziona funguo zake. Halafu, mama mkwe akiwa amesimama palepale, akaniuliza mkojo wangu una rangi gani. Miaka yote nimemficha mkwe wangu hata soksi zangu, na sasa anaijua rangi.

2. Baada ya kupima mkojo na damu na kunipiga picha, alieleza kwamba jiwe limeziba mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo umetuama huko juu, umeingiwa na vijidudu, na ndiyo maana nilikuwa natetemeka kwa homa. "Tukichelewa, figo itakufa, na wewe unaweza kuifuata." Ni kweli aliharakisha. Lakini hakuongeza neno ambalo muungwana yeyote angeliongeza, kwamba huenda nisife. Kwa hiyo, nikiwa juu ya kitanda cha magurudumu, nikaaga. Nikampa shemeji koti langu la harusi. Nikamwambia mke wangu kuanzia leo neno lake ndilo la mwisho nyumbani. Kisha nikamshika kaka mkono, nikamwambia, "Kaka, yameisha. Nimekusamehe."

Hapa sina budi kukufafanulia. Mimi na kaka tunatenganishwa na ukuta mmoja, lakini tulikuwa hatujaamkiana kwa miaka. Aliazima ngazi yangu, akairudisha imevunjika kipago kimoja. Likafuata neno alilolisema kuhusu hicho kipago, na nililolisema mimi kuhusu neno lake. Siku ile ni mke wangu aliyekwenda kugonga kwake bila kuniuliza, maana nilikuwa sakafuni. Kaka alikuja na mkasi bado mkononi.

3. Matibabu yenyewe. Kwanza mlipitisha mpira mwembamba kando ya jiwe ili mkojo upate njia. Homa ikashuka. Wiki kadhaa baadaye mkaniita tena, mkalinasa jiwe na kulitoa, yote kupitia njia ileile ya haja ndogo. Sina mshono hata mmoja! Jirani yangu aliyepasuliwa ngiri hufunua shati kila anapopata mgeni. Mimi nifunue nini?

Na jiwe lenyewe mkanikabidhi ndani ya kichupa. Ni punje ya mchele. Lilipitishwa mkono kwa mkono sebuleni, mama mkwe akavaa miwani, akauliza jiwe liko wapi. Mke wangu, aliyewazaa watoto wetu wote katika wodi yenu, alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Pole, baba." Pole ile nimeitafakari sana.

4. Shemeji amelivaa koti. Analivaa gereji. Mke wangu naye hajalirudisha neno la mwisho. Ameshapunguza chumvi na kuliuza kochi langu nililolipenda, na nikifungua mdomo ananikumbusha nilichokisema mbele ya mashahidi.

5. Hili ndilo zito kuliko yote. Msamaha wangu niliutoa kama marehemu, kwa matumizi ya marehemu. Sasa kaka anaingia kwangu kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, bila hodi. Daktari aliagiza ninywe maji mengi, naye amejiteua kuwa msimamizi. Anaweka jagi mezani, anasimama, "Maliza." Kisha anasimulia mambo ya utoto wetu, na anayasimulia vibaya, inanibidi nimsahihishe, na asubuhi inaisha hivyo. Hasira yangu niliyoitunza vizuri muda wote ule nimeitafuta siioni. Mtu wa umri wangu aanze nyingine kwa nguvu gani?

Kwa hiyo naomba nipewe cheti chenye muhuri kwamba maneno yanayosemwa kwa uchungu wa jiwe si halali, hususan msamaha. Naomba pia jiwe kubwa zaidi kutoka stoo, la mtu asiyelihitaji. Na mlangoni pa chumba cha upasuaji pabandikwe: USIAGE MPAKA UAMBIWE.

Nisalimie daktari, na muuguzi aliyenifunika blanketi la pili bila kuombwa, na yule msukuma kitanda aliyesikia wosia wangu wote na hakucheka.

Wako katika afya nisiyoitarajia,

Fundi wa makochi

Tanbihi: Kifungu cha tano kifutwe, na kama kimeshaanza kushughulikiwa, kisimamishwe. Kaka hakutokea leo. Nimekwenda kibandani, kimefungwa. Mkewe ananiambia amekuja huko kwenu kupimwa, kwa sababu siku nyingi mkojo unamtoka kwa kusukumana nao, naye alikuwa akiuita uzee. Mkimwona kwenye benchi, ni mtu mrefu, na hataki kuuliza zamu yake. Mpelekeni kwa daktari yuleyule, si mwingine, na mwambieni nipo njiani.