Faili Lisilo na Mzazi

9 Juni, Jumatatu

Dada yangu, fundi cherehani, kapata kazi ya maisha yake: magauni ya wasimamizi wa bibi harusi. Akiyapatia, harusi zote za mtaa huu ni zake! Nikamwambia aweke chaki chini. Mimi, baharia niliyelala bandari saba, nimemwandikia programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, ya kupiga hesabu za mikato. Folda moja, mafaili mawili: la vipimo na la mikato. La mikato linamwita mwenzake. Nikaingia ndani ya folda, nikaliendesha. Kosa! Eti halijui mzazi wake. Na mimi niliyelizaa nimekaa hapa hapa!

10 Juni, Jumanne

Kaja shemeji, mume wa dada, yule wa kompyuta za benki. Viatu vinang'aa, pua juu. Hata hakukaa. Kasema, shemeji yangu, unaliendesha ukiwa tumboni mwa folda. Toka nje, liite kwa jina la folda kisha lake, utangulize alama ya -m, litajua kwao. Nikamjibu mimi sitolewi nje na mtu. Kaniita profesa. Dada kasema jamani, mtaniua na kelele.

Alipoondoka nikafanya yangu. Ndani ya faili la mikato nikaifuta ile nukta ya kumwita jirani. Nikanakili la mikato kwenye skrini ya mbele, dada abofye tu. Likalia limempoteza mwenzake. Nikamnakili na mwenzake. Likakubali! Benki wanamlipa nini yule?

12 Juni, Alhamisi

Maskini mimi. Dada kaingiza vipimo, mikato ikatoka, mkasi ukapita kwenye satini ya watu. Wasimamizi wakaja kujaribu. Gauni la kwanza likakwama mabegani. La pili halikupita hata kichwa! Shangazi wa bibi harusi akauliza kama tunavisha watu au wanasesere. Dada alijaza vipimo kwenye faili la ndani ya folda. Programu ikasoma ile nakala ya nje, yenye vipimo vya majaribio nilivyoviacha mwanzo. Vya mpwa wangu wa chekechea. Wenye harusi wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Dada hakunitukana. Heri angenitukana. Kafunika cherehani, kakaa sakafuni. Nikampelekea chai. Hakuigusa.

14 Juni, Jumamosi

Muziki wa harusi unafika mpaka hapa. Dada kafunga madirisha. Nimetoa koti langu la ngozi, nikabadilishana na muuza vitambaa, nikamwekea dada satini mpya mezani. Kasema asante kaka, ila kompyuta usiiguse tena. Shemeji kanong'ona kwamba -m ingeyamaliza tangu Jumanne. Nikaitikia kwa heshima zote.

Nimewaza kutwa nzima. Kosa nimelipata: nakala zilikuwa chache.