Kiti cha Dereva

Jumatatu, 5 Mei 2025

Zimebaki siku kumi na tisa kabla ya mnada. Mgongo unauma. Chai imepoa nikiwa bado naandika tarehe.

Nieleze mambo kwa utaratibu, ili nikija kuyasoma baadaye nisijidanganye. Januari, mjane mmoja wa Kiswidi wa hapa Hässelby alikipa chama chetu cha Waafrika Mashariki gari la marehemu mumewe. Ni gari la nguvu la Kimarekani, la mwaka 1969, milango miwili, injini ya silinda nane. Lilikuwa limekaa bandani miaka thelathini likiliwa na kutu. Tukakubaliana tulifufue, tulipambe upya, kisha tulipige mnada. Fedha zitaezeka paa la wodi ya wazazi kule Busia, mpakani, ambako akina mama wa Kenya na wa Uganda wanajifungulia chini ya turubai. Nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya gari. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Hayo yamo katika kumbukumbu za mkutano. Lisilomo ni hili: gari hilo nalitaka mimi.

Kulinunua siwezi. Pensheni ya mwalimu wa Kiswahili haifiki huko. Lakini harambee zetu nazijua. Kwetu anayeshinda mnada haondoki na kitu alichonunua. Humtunuku mtu mzima anayemheshimu. Mwaka juzi James, mwanachama mwenzetu, alinunua mbuzi wa kuchoma, akamtunuku Mzee Mukasa. Mwaka jana akanunua keki, akamtunuku Mzee Mukasa tena. Wako watunukiwa ambao hukirudisha kitu mezani kiuzwe mara ya pili, nao hupigiwa vigelegele, lakini hilo ni hiari. Mukasa hakuirudisha ile keki. Aliila mbele yetu.

Basi jambo liko wazi. Atakayelinunua gari atamtunuku mzee anayeheshimika kuliko wote. Nina siku kumi na tisa za kuwa mzee huyo.

Jumatano, 7 Mei

Gereji, Sundbyberg. Fundi wetu ni Gaudiose, mama wa Kirundi mwenye mikono inayonuka dizeli hata siku ya ibada. Anatufanyia kazi bila malipo, kwa hiyo anasema anachotaka.

Niliketi kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza. Sikuona barabara. Niliona usukani, na juu yake anga kidogo. Nikaagiza kiti kiinuliwe kwa upana wa kiganja na kusogezwa mbele. Gaudiose akauliza kama mnunuzi ni mtoto wa shule. Nikamjibu kwamba wanunuzi wa magari haya ni watu wazima wenye viuno vyao. Akasema, haya, Papa Mwalimu, wewe ndiye mwenyekiti.

Kisha akawasha injini. Vioo vya ofisi vikatikisika. Nikaagiza bomba la moshi lenye kunyamazisha mlio kabisa. Alisema watu hununua gari hili kwa ajili ya kelele tu. Ukiziondoa kelele, umebakiwa na bati na petroli. Nilishikilia msimamo wangu. Kuhusu rangi, yeye alitaka nyekundu. Niliamua kijani iliyoiva, kama gari la mkuu wa chuo chetu cha ualimu. Alichukua spana akaenda chini ya gari na hakutoka hadi nilipoondoka.

Ijumaa, 9 Mei

James amevunjika mguu kwenye ngazi za nyumbani kwake. Amelazwa Flemingsberg. Kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi wetu mkubwa wa kila mwaka, niliona ni wajibu wangu kumtembelea. Eve, mke wangu, alipika uji wa wimbi, nikautia kwenye chupa ya chai. Treni ya chini ya ardhi hadi katikati ya mji, kisha treni ya abiria hadi hospitalini. Saa moja na nusu nikiwa nimekumbatia chupa.

Mukasa alikuwa kando ya kitanda. Alikuwa na chupa kubwa kuliko yangu. James alikuwa ameshashiba na akaniomba radhi kwa unyenyekevu mwingi.

Mukasa aliendesha mabasi ya mji huu miaka ishirini na minane. Ni mrefu kama mlango, hucheka kabla hujamaliza kusema, na kila mwanamume humwita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda. Akaniambia, "Mwalimu, acha tu uji hapo, ssebo. Manesi watamwagilia maua."

Niliunywa wote kwenye treni wakati wa kurudi. Ulikuwa na sukari nyingi.

Jumatatu, 12 Mei

Kiti cha dereva kimerudishwa nyuma hadi mwisho. Na kimeshushwa.

Nilimuuliza Gaudiose. Alisema Mzee Mukasa alipita jana kukagua, akakaa kwenye gari dakika arobaini, akauliza kama kuna mahali pa kuweka fimbo yake. Mukasa ni makamu wangu kwenye kamati, kwa hiyo ana haki ya kukagua. Lakini mtu hakagui gari kwa kuuliza habari za fimbo. Naye analitaka.

Nikamwagiza Gaudiose aondoe reli za kiti na kukifunga kwa bolti, juu na mbele, kisisogee tena. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama atengeneze na kipandio cha kupandia. Nilidhani ananikejeli. Nilifikiri kidogo, nikamwambia atengeneze.

Jumatano, 14 Mei

Valerie anahamia nyumba nyingine hapo Sundbyberg. Ni mhasibu, ana kazi nzuri, na watoto wake niliwafundisha Kiswahili shuleni miaka minne. Wao hunijibu kwa Kiswidi mpaka leo, lakini mama yao hajaacha kuniita Mwalimu wangu. Huyu anaweza kununua gari. Nikajitolea kubeba kabati.

Lifti ilikuwa mbovu. Ghorofa ya nne. Nilifika nikiwa tayari nimechoka kwa kufika. Mukasa hakuwapo, na hilo lilinipa nguvu. Ndipo Valerie akasema Mzee Mukasa ameomba udhuru na ametuma wapwa zake wawili na gari la mizigo. Vijana wale walimaliza kila kitu kwa saa moja. Mimi nilibeba taa ya mezani. Nilipoiweka chini, mgongo ulinigomea, nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu.

Valerie akanishika mkono. Akasema, pole sana Mwalimu wangu, mtu wa umri wako hukupaswa kuja. Wapwa wa Mukasa walinirudisha nyumbani.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada tuliliombea gari. Nilikuwa nimepata habari kwamba Mukasa ataombwa kuongoza sala, kwa hiyo nilisimama kabla hajaombwa. Niliwaombea akina mama wa Busia, mafundi, abiria, wazee, wajane, serikali nne na madereva wa magari ya kuzoa theluji. Nilipofungua macho pilau lilikuwa limepoa na watoto walikuwa wametoka nje.

Eve aliniambia njiani, "Baba Wayne, hata Mungu alikuwa ameshaitikia. Ulikuwa unamrudisha nyuma."

Sijui kama heshima yangu imepanda au imeshuka. Nimelala mapema.

Jumanne, 20 Mei

Gari limepita kwenye ukaguzi wa serikali. Mkaguzi alisema hajawahi kuona la aina hii likiwa kimya hivi. Niliichukua kauli hiyo kama sifa.

Jioni wapenzi wa magari ya Kimarekani walikuja gerejini kuliangalia. Wanaume sita, makoti ya ngozi, mvi mabegani. Gaudiose akawasha injini. Wakasubiri. Mmoja akauliza lini ataiwasha. Walipokiona kiti na kipandio walicheka kwa adabu, kama Waswidi wanavyocheka, kwa pua. Watano wakanywa kahawa wakaondoka. Wa sita, mtu mfupi aitwaye Kjell-Åke kutoka Enköping, alikaa ndani ya gari muda mrefu, akanywa vikombe viwili, naye akaenda zake.

Gaudiose alitupa kitambaa chini. Alisema nimechukua simba nikamfanya mbuzi wa shule, na kwamba hakuna Mswidi atakayetaja hata bei ya matairi. Akauliza akina mama wa Busia watapata paa gani, la magazeti?

Nilimwambia watu wetu watatoa kwa moyo. Ni kweli pia kwamba Waswidi wakikaa pembeni, gari halitatoka mikononi mwetu. Sikulisema hilo. Lakini nilipokuwa kwenye treni niliwaza juu ya turubai lile, na mvua za Busia, na sikusoma gazeti nililonunua.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika haya kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Gari liliegeshwa mbele ya mlango, kijani, likimetameta. Dalali alikuwa Clinton, kijana wetu wa Kisumu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Watu walianza polepole, kisha James, akiwa na magongo yake, akapandisha bei mpaka wengine wakanyamaza. Akalichukua. Akasema anamtunuku Mzee Mukasa.

Nilimpigia makofi. Mikono ilifanya hivyo yenyewe.

Mukasa akaenda kuketi kwenye gari. Magoti yakagusa usukani, kichwa kikagusa dari. Akajaribu upande, akajaribu kinyumenyume. Akavuta kiti, kiti hakikusogea. Wapwa zake walimtoa kama kabati. Akasimama, akajinyoosha, akasema anawarudishia akina mama wa Busia. Vigelegele vikapasua ukumbi. Wanawake walimvisha leso mbili. Nami nilifurahi kimoyomoyo, maana kiti kilikuwa kimefanya kazi yake.

Clinton akaliuza tena. Valerie akashinda. Akasema, "Kwa Mwalimu wangu, aliyepanda ghorofa nne kuniletea taa."

Niliketi. Barabara yote niliiona. Usukani ulinifikia bila mimi kuufuata. Nilikuwa na ufunguo mkononi, na halikuwepo jambo lolote duniani lililokuwa limebaki kufanywa isipokuwa kusema asante na kwenda nyumbani.

Lakini makofi yalikuwa ya kawaida. Makofi ya mtu aliyepata cheti cha mahudhurio. Kule pembeni wanawake walikuwa bado wanampepea Mukasa. Clinton akaniinamia dirishani, akauliza kwenye kipaza sauti, "Mwalimu, unaenda nalo?" Ukumbi mzima ukanitazama.

Nilitafakari haraka, na bado naona tafakuri ile ilikuwa sahihi. Mukasa alikuwa ameshapata zamu yake. Nikilirudisha nitapigiwa vigelegele, na atakayelinunua hatakuwa na mzee mwingine wa kumtunuku ila mimi. Ningepata vyote viwili. Nikateremka kwa kutumia kipandio. Nikalirudisha, kwa hotuba ya dakika tisa.

Vigelegele vilikuja. Vilikuwa vikubwa kuliko vya Mukasa. Eve alikuwa analia. Ilikuwa nusu dakika nzuri sana.

Kisha Kjell-Åke, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na birika la kahawa, akainua mkono akataja bei. Ilizidi ya James na ya Valerie kwa pamoja. Clinton akagonga meza mara tatu.

Watu wote wakageuka wamwone atamtunuku nani. Nikanyoosha koti langu.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema ametafuta miaka ishirini gari la nguvu ambalo mtu mfupi mwenye nyonga mbovu anaweza kulipanda, na lisilomwamsha jirani mwenye usingizi mwepesi, na kwamba mtu aliyelijenga hili anaujua uzee. Akasema asante. Akaketi. Clinton akamweleza kwa upole kwamba sisi hapa tuna desturi fulani. Kjell-Åke akasema asante kwake pia, akafunga mlango.

Hatukulisikia likiondoka. Bomba lile lilifanya kazi nzuri.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Mgongo.

Mweka hazina alipiga simu. Gari limelipiwa mara tatu, paa limepatikana, na fedha za tangi la maji zimesalia. Nilimwambia vyema. Mukasa naye alipiga. Alisema, "Mwalimu, jana ulinifunika, ssebo. Mimi nilirudisha gari lisilonienea. Wewe ulirudisha linalokuenea." Hakucheka. Ningependa angecheka.

Gaudiose alituma ujumbe mmoja tu: nimsamehe kwa maneno ya Jumanne, Papa.

Eve ameniwekea mto wa maji ya moto. Amesema katika miaka arobaini na moja ya ndoa hajawahi kunionea fahari kama jana, na kwamba alikuwa ameanza kushuku nalitaka gari lile kwa ajili yangu. Nilimuuliza wazo hilo alilitoa wapi. Nikageukia ukuta.

Jumatano, 28 Mei

Mkutano wa chama. Jirani wa yule mjane ametupatia boti ya injini kwa ajili ya mnada wa mwakani. Inavuja. Nilijitolea kuwa mwenyekiti wa kamati kabla katibu hajamaliza kusoma barua. Mukasa ni makamu. Sijui kuogelea.

Nimeyachambua makosa ya mwaka huu kwa makini, kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea kusahihisha mitihani. Nimeona kosa moja tu. Hotuba ilikuwa ndefu mno, ikampa Mswidi nafasi ya kufikiri. Mwakani nikitunukiwa boti nitairudisha kwa dakika mbili.