Redio Shingoni mwa Maringo

Jumatano, 22 Ramadhani 1407 (kwa hesabu ya serikali, 20 Mei 1987)

Jirani yangu Bi Hindu kaja tena. Hodi hakupiga. Kasimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, wa pili kanyanyua kijiti cha rehani kilichogugunwa mpaka kwenye gome, kama anayeonyesha kidole cha marehemu. Kasema mbuzi wangu kaingia uani kwake, kala rehani, kala na asumini, na sasa wanawake wa mtaa wetu wa Barani watavaa vifuani vikuba vya majani ya muhogo siku ya Idi. Nikamwambia Maringo hali rehani. Maringo nimemlea kwa chupa tangu mamake alipokufa. Anakunywa chai ya maziwa, analala ukumbini. Mbuzi mwenye malezi hayo haibi. Hindu akasema basi labda ni mimi niliyekula. Nikamjibu ningekuwa mimi, kijiti nisingekibakisha.

Ubaya, mwanangu Awadh alikuwa ndani. Katoka na tai yake ya ofisini, kahukumu kama kadhi. Maringo akishuhudiwa mara moja tu uani kwa Bi Hindu kabla ya mwezi kuandama, Idi anapikwa pilau. Mwezi ukiandama hajashuhudiwa, hatamtaja tena maisha. Hindu akauliza kama paja ataletewa.

Kumfunga kamba hafungiki, anaitafuna. Mnyororo ni wa wafungwa. Kumfuata siwezi, magoti yangu yamestaafu. Nikakumbuka neno la mpwa wangu Badi, anayefanya kazi hoteli Watamu. Kuna mzungu kule msituni humfunga tumbili redio shingoni, kisha yeye hukaa kitako akajua tumbili yuko wapi. Tumbili! Mnyama asiye na haya wala kwao! Basi Maringo je? Nitamfunga redio, nitajua kila anakopita, na siku Hindu akija na kijiti nitamwambia saa hiyo mbuzi wangu alikuwa sokoni.

Naandika haya kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Skuli sikuiona hata dirisha lake. Awadh kasoma mpaka akavaa tai, lakini herufi hizi akizitazama huona mchwa. Basi hapa nasema: mwanangu ni mpumbavu, na nampenda.

Alhamisi, 23 Ramadhani

Nimeanza na nilichonacho. Redio yangu ya mkononi nimeitia mawe mapya ya betri, nimeifungulia mpaka mwisho, nimeifunga shingoni mwa Maringo kwa mtandio. Kapendeza! Sauti ikitoka huku, yuko huku. Ikitoka kule, yuko kule. Huyo mzungu wa tumbili kanishinda nini?

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Kisha sauti ikasimama mahali pamoja. Habari, salamu za wasikilizaji, habari tena. Upande ule si kwa Hindu! Alasiri nikaenda kumpongeza. Nikamkuta kwenye baraza ya Mzee Aboud, mzee wetu wa mtaa, kafungwa mguu kwenye nguzo, wazee wamemzunguka kama bwana arusi. Redio ya Mzee Aboud imekufa tangu Shaabani, akaona hii kaletewa na Mola. Nikamuuliza kwa haki gani anashika mbuzi wa watu. Akanijibu kwa upole kwamba mbuzi hawakumshika, walishika taarifa ya habari, mbuzi akawa ameambatana nayo. Akaniomba kesho nimlete mapema kidogo, kuna mawaidha.

Awadh kasema shahidi aliyefungwa nguzoni si shahidi. Safari hii kasema kweli. Sikumwambia.

Jumamosi, 25 Ramadhani

Nimekwenda na Maringo kwa Ngala, fundi wa redio karibu na soko. Mgiriama wa Vitengeni, mrefu, maneno mengi. Mwezi huu hufanya kazi nyuma ya pazia, maana anakula mchana na hataki kuwakera waliofunga. Harufu ya muhogo wa kukaanga haikusikia habari ya pazia.

Kaniamkia shikamoo hawe, ndiyo bibi kwao. Nikamweleza. Kacheka mpaka akashika meza. Kisha akaanza kujivuna. Kasema nilichomfunga Maringo ni sikio, na mimi nahitaji mdomo. Redio inapokea tu. Natafuta kitu kidogo kinachotoa sauti hewani, ili redio yangu nyumbani ikipokee. Akaniwekea vitatu mezani. Nikavihoji kama ninavyohoji posa. Anatoka wapi, anakula nini, ana nguvu gani.

Wa kwanza, simu za kuchezea, mbili, nyekundu, alizoacha mtoto wa watalii. Ngala kasimama nje na moja, mimi nikaingia na ya pili chooni kwa jirani yake, kwenye kuta nene za mawe, maana mbuzi hupita nyuma ya kuta. Kimya. Nikapiga kelele, Ngala! Ngala! Akanisikia vizuri sana, lakini kwa dirishani. Posa imekataliwa.

Wa pili, kipaza sauti cha arusini kisicho na waya. Huyu ana nguvu. Tukamfunga Maringo, tukamwacha aende, tukasikiliza kwenye redio kubwa. Kra, kra, kra. Anatafuna! Anatafuna nini? Ngala kafumba macho, kasema majani. Majani gani, mapana au membamba? Akanuna. Kutafuna ni kutafuna tu. Tena kina mwenyewe, msimamizi wa arusi, Idi ikiisha atakitaka. Posa imekataliwa.

Wa tatu kaundwa na Ngala mwenyewe, ndani ya kopo dogo la hamira. Haongei, analia tu. Tiu, tiu, tiu. Unampata kwenye redio yoyote, pembeni kidogo ya stesheni ya habari. Kisha unaigeuza redio polepole. Pale sauti inapozama, ubavu wa redio umemwelekea mbuzi. Kuna kopo dhaifu la mtaa mmoja, na kuna la nguvu linalosikika mpaka Mambrui. Nikamwambia Mambrui sina mbuzi, lakini nipe huyo. Sijapata kununua chumvi isiyokoleza.

Kanionya juu ya skurubu iliyo ubavuni. Ndiyo inayoliweka kopo mbali na stesheni. Nisiiguse. Kataka niape. Nimemwambia Inshallah, akaridhika. Malipo ni sahani ya mahamri kila magharibi mpaka ashibe. Mtu mrefu vile! Atachelewa kushiba.

Jumatatu, 27 Ramadhani

Kopo lafanya kazi! Subhanallah! Nimekaa ukumbini na redio ya Awadh, na mbuzi wangu analia hewani kama kifaranga. Nikaigeuza polepole. Sauti ikazama. Ubavu wa redio umeelekea kwa Hindu.

Nikasema labda nimekaa vibaya. Nikahamia jikoni. Kwa Hindu. Nikahamia kibarazani. Kwa Hindu. Nikatoka nje nikasimama jua kali, na mate sina, nikageuza tena. Kwa Hindu!

Kopo hili lina fitina. Nalijua jambo hili, hata binadamu akizoea kupita mlango mmoja hudhani kila mtu yuko humo. Maringo aliporudi kunywa maji, nimechukua kisu cha vitunguu nikaisogeza ile skurubu. Kidogo tu. Kisha kidogo tena, isijisikie upweke.

Lo, limetulia! Kule pembeni halisikiki kabisa. Nageuza redio huku, nageuza kule, kimya. Halimsingizii mtu tena. Hivyo ndivyo chombo kinavyotakiwa kuwa na adabu.

Jumanne, 28 Ramadhani

Redio za mtaani zimeugua. Huyu anasema yake ina kwikwi, yule yake inalia kama panya. Kila stesheni ya habari inapoanza, tiu tiu tiu. Mzee Aboud kaazima redio ya mkwewe, nayo ikamgeuka, kaniuliza kama ni dalili ya Kiyama. Nimemshauri abadilishe mawe.

Kwa Ngala msururu mpaka barabarani. Kila akifungua redio haoni ugonjwa, na kopo lake halishuku, maana nilimwambia Inshallah. Kaniambia, jasho lamtoka, kwamba ufundi umemkimbia, huenda akarudi Vitengeni kulima. Nimempa mahamri ya ziada, nimemwambia asikate tamaa, kila kazi ina siku zake mbaya.

Awadh kanunua mchele wa pilau. Kauweka mahali ninapouona.

Jumatano, 29 Ramadhani, baada ya isha

Nitaandika kwa utaratibu.

Wingu lilifunika tangu asubuhi. Mwezi kuutafuta kwa macho haikuwezekana, basi mtaa mzima tulimeza tende na kuzifungulia redio, tusikie kama umeonekana pengine. Idi kesho, au kufunga tena? Wanawake wameshakuna nazi, washonaji wana kanzu za watu mkononi. Mtangazaji kasema assalamu alaikum. Kisha, tiu! Tiu! Tiu! Barani yote! Neno halikusikika. Watu wakatoka nje wakiwa na redio mikononi, wengine wanazipiga makofi.

Ngala alikuwa kwangu, anakula. Akaacha kutafuna. Akanitazama. Akauliza kwa sauti ndogo habari ya skurubu. Nikamuuliza kama ataongeza mahamri.

Akatoka mbio barabarani akiwaambia watu wafuate kelele. Inapolia sana, ndiko iliko! Basi wanaume wakabeba redio mabegani, hapa yalia kidogo, hapa yalia zaidi, kata kushoto, na Awadh mbele kashika pindo la kanzu. Mimi nyuma na magoti yangu. Kabla ya kona nilishajua. Nikaomba, ya Rabbi, hata akiwa kwa Hindu, basi mdomoni asiwe na kitu.

Alikuwa nacho. Rehani imemtoka pande zote mbili za mdomo kama masharubu. Nyuma yake ua wa makuti katoboa tundu la kuingilia sufuria. Hindu akilia mbele ya mtaa mzima kwamba mnaona, mnaona! Awadh akashika mtandio wa shingoni. Akasema, ameshuhudiwa.

Sijui nilifikaje. Nimejikuta nimekaa chini katikati ya rehani, nimemkumbatia Maringo shingo, nawaambia anayemtaka aanze na yangu, na aniambie yeye alipofiwa na mama ni nani aliyemnyonyesha kwa chupa. Hindu akanikumbusha kuwa nimekalia ile rehani iliyobaki.

Ni kwa kukaa chini vile. Mbele ya macho yangu lile tundu la ua, na ndani ya tundu, chini kabisa ya wingu, kitu chembamba kama ukucha uliokatwa.

Nikasema, mwezi!

Awadh kadhani ni hila. Mzee Aboud akapiga magoti, mifupa ikalia, akaweka uso wake karibu na uso wa mbuzi. Kisha kasema Allahu Akbar mpaka Hindu akaangusha ndoo. Wanaume wakainama mmoja mmoja kuchungulia, tiu tiu tiu juu ya vichwa vyao, takbiri zikaanza, mashahidi wakakimbilia msikitini na majani magotini.

Awadh bado kashika mtandio! Nikanyanyuka. Nikamuuliza Mzee Aboud mbele ya watu, mwezi mpya huingia lini katika dini yetu? Akasema jua likizama. Na jua lilizama kabla au baada ya mbuzi kushuhudiwa? Kabla. Na mwanangu alisema ashuhudiwe mpaka lini? Mzee Aboud akashika ndevu. Akatazama Maringo, akatazama tundu. Kasema mwezi ulikuwa umeandama tayari, wingu lilikuwa pazia tu. Mbuzi ameshuhudiwa Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Hukumu ilikuwa ya Ramadhani, na Ramadhani imekwisha.

Awadh kacheka, kile kicheko cha marehemu babake ambacho huninyang'anya hasira zote. Kaachia mtandio. Hindu akauliza na rehani yake je? Mzee Aboud akamwambia, Bi Hindu, mtaa mzima mwezi umeonekana uani kwako, hilo ni dogo? Hindu akajitengeneza buibui. Mpaka isha ilipoadhiniwa alikuwa anasimulia kwamba ndiye aliyeuona mwanzo.

Alhamisi, Idi

Furaha! Wanawake wamejaa uani kwa Hindu, kila mmoja anataka kikuba kilichotoka nyumba ya mwezi. Asumini iliyosalia imekwisha kabla ya jua kupanda. Kaja kwangu na kimoja, kanichomeka kifuani mwenyewe, kasema Idi njema, mama wa mwizi. Nimempa kaimati sahani nzima. Zilizokauka nimezibakisha kwetu.

Awadh kachinja kuku. Maringo kapewa chai. Ngala kachukua kopo lake, kaapa hataniuzia tena hata waya. Alikuwa na hamri mdomoni, sikumsikia vizuri.

Mchana nyumba ilipotulia nimewaza. Mtaa mzima wasema walimwona Maringo anakula rehani. Sawa. Walimwona anaanza? Hakuna! Alikuta pameshaanzwa, akaonja kwa adabu. Aliyeanza ni mwingine, na mimi namshuku jogoo wa Hindu, yule mwekundu, jicho lake halitulii. Uani anaishi, rehani iko karibu, na hakuna aliyemuuliza hata swali.

Dukani kwa Ngala, chini ya gunia, nimeona chombo kikubwa zaidi, kilitoka kwenye boti ya wavuvi. Kina skurubu nyingi. Jogoo ana kifua, atakibeba.

Mtuhumiwa nimeshamkamata. Yuko uvunguni, chini ya tenga. Hindu anapita nje, anamwita kuu-kuu-kuu, sauti imeanza kumkauka. Maskini! Angekuwa na redio shingoni, saa hizi ningemwambia alipo.